Tulivyopatana Nyamisati kuhusu herufi kubwa

Nina duka la steshenari Kibiti, karibu na stendi. Natoa kopi, natengeneza kadi za mwaliko, na zaidi ya yote nachapa barua. Mtu anakuja na maneno yake mdomoni, anakaa kwenye benchi, mimi nayapanga kwenye kompyuta kama ofisi zinavyotaka: anuani huku, tarehe kule, halafu katikati ile YAH: MAOMBI YA KAZI, herufi kubwa tupu, imepigiwa mstari. Mteja akikuta kichwa cha barua yake kimeandikwa kwa herufi ndogo, hata kama kusoma kwenyewe kunampiga chenga, anaona amepunjwa. Kwa miaka yote hiyo nimezoea kuamini kwamba kitu chenye heshima zake kinastahili herufi kubwa.

Na imani hiyo ndiyo iliyonigombanisha na mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Kuna mchezo wa simu ambao wengi huku tuliucheza, na mimi bado naucheza. Unapewa kijiji kilichosombwa na mafuriko, unakijenga upya kidogo kidogo. Unalima mpunga, unavua, unasuka mikeka, unabadilishana vitu na vijiji vya wenzako. Mafuriko ya kweli nimeyaona, yamekula mashamba ya wajomba zangu kule Chumbi, kwa hiyo siku ya kwanza nilicheka kuona nyumba inasimama kwa kubonyeza kidole. Lakini nikanogewa. Duka likipoa, mimi nipo kijijini kwangu.

Mchezo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza. Binti mmoja aliyekuwa chuoni Morogoro akafungua wiki, yaani tovuti ambayo mchezaji yeyote anaweza kuandika ukurasa na kurekebisha wa mwenzake, ili kila kitu cha mchezoni kielezwe kwa Kiswahili. Majina tukawa tunayatunga wenyewe. Nilipoingia nikakuta kurasa zimeandikwa ovyo: huyu kaandika "Jembe La Chuma", yule "jembe la chuma", mwingine "MAJEMBE". Mkono wangu wa kuchapa barua ukawasha. Nikaanza kuzipandisha herufi moja moja: Jembe La Chuma, Kiraka Cha Wavu, Mkeka Wa Ukindu. Nilipomaliza nikazitazama kwa raha, kama mtu aliyefagia uwanja.

Kesho yake zote zilikuwa zimeshushwa.

Aliyezishusha hakuwa na sura, wengi wetu tulijificha nyuma ya picha. Yake ilikuwa ya kaa, yangu ilikuwa ya birika la chai. Nikazipandisha tena. Akazishusha. Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Ndugu mhariri, hivi ni vitu maalumu vya mchezo. Vinahitaji herufi kubwa." Akajibu: "Ndugu, jembe ni jembe. Likiandikwa kwa herufi kubwa litalima zaidi?"

Jibu lile lilinikaa moyoni siku nzima. Nilichapa barua ya mteja huku nimekunja uso mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Nilimjenga mtu yule kichwani: kijana wa Dar, mwembamba, amevaa hedifoni shingoni, anajifanya anajua. Kila aliponishushia herufi nilikuwa namwona anacheka upande mmoja wa mdomo.

Mambo yakaharibika zaidi siku ya sherehe ya mavuno. Mchezoni ikifika sherehe ile unatakiwa kutoa vitu fulani ndipo upewe ghala kubwa, na safari hiyo moja ya vitu hivyo ilikuwa kamba. Kwenye wiki yetu kulikuwa na kurasa mbili, "Kamba" na "kamba", moja niliipandisha mimi, nyingine aliishusha yeye, na hakuna aliyekumbuka ipi ilikuwa ya kufungia na ipi ya kuliwa. Watu wakasuka kamba za mkonge siku saba nzima, wamejaza mabanda, wakafika kwenye sherehe wakaambiwa kinachotakiwa ni wale wa kwenye maji. Ghala wakalikosa. Mchezaji mmoja alituandikia kwamba ana kamba za kutosha kuivuta Mafia mpaka ikagusa bara, na tumwambie azipeleke wapi.

Mwenye wiki, yule binti wa Morogoro, akatuita sisi wawili pembeni.

"Nyie ndio mnaoandika kuliko wote, na nyie ndio mnaotuvuruga," aliandika. "Naomba mkubaliane, mtuletee kanuni za majina. Mkishindwa, nafunga kurasa zote, asiguse mtu."

Tukaanza kubishana faraghani, kwa adabu ya chuki. Katika kubishana, mwenzangu akaandika kwamba hataweza kujibu kwa siku mbili, kwa sababu anapoishi Mbwera mtandao umesumbua tangu boti ya mchana ilipoondoka. Nilisoma sentensi ile nikaweka simu chini. Mbwera! Kijana wangu wa Dar alikuwa anakaa huku huku delta, ng'ambo ya vijito tu. Aliporudi hewani nikamwambia niko Kibiti. Akaandika: "Jumamosi nashuka Nyamisati kupokea mzigo. Kama una hoja, njoo nayo."

Nilimweleza mume wangu. Yeye anauza vipuri vya pikipiki, ni mtu wa utani, lakini safari hii hakutania.

"Unakwenda kuonana na mwanaume wa mtandaoni kwa sababu ya herufi?"

"Kwa sababu ya kanuni."

"Basi na mimi nina kanuni zangu. Nakupeleka mwenyewe."

Jumamosi alivaa shati alilopiga pasi mpaka mikono ikasimama, shati la kwenda kuposa au kwenda mahakamani. Tukapanda pikipiki yake. Njiani nilishika kiuno chake nikijirudia hoja zangu kimoyomoyo katikati ya mikorosho na mchanga.

Nyamisati palikuwa na shughuli. Boti ya Mafia ilikuwa inapakiwa, magunia na magodoro na kuku, na kando vijana walikuwa wanapanga boriti za mikoko. Tulikubaliana tukutane kwenye hoteli ya chai iliyo karibu na gati. Nikaingia, nikaangaza macho kumtafuta kijana. Hapakuwa na kijana. Palikuwa na mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, miwani imemshuka puani, simu mkononi, na pembeni yake mwanaume mnene aliyekuwa ametukazia macho, hasa mume wangu, kama anayekadiria atamwangusha kwa mkono upi.

Nikatoa simu nikaandika: "Nimefika." Simu ya yule mama ikalia. Akaisoma, akainua macho.

"Birika?" akauliza.

"Kaa?" nikasema.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ewe mwanangu! Nilijua ni mwanaume. Mkali vile, nilisema huyu lazima karani wa mahakama. Ndiyo maana nimekuja na kaka yangu."

Mume wangu aliachia pumzi, nikaisikia. Yule kaka naye akalegeza mabega. Wakatazamana, mmoja na shati lake la pasi, mwingine na ngumi zake, wakaanza kucheka wao kwa wao.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, karibu chai."

Nilipokwisha kusema shikamoo, hoja zangu zote zikayeyuka. Nitambishiaje mtu niliyemwamkia? Nilikaa nikamenya yai, nikamega chapati, nikamuuliza habari za nyumbani. Alinieleza kwamba anafundisha watoto madrasa, na mchezo aliachiwa kwenye simu na mjukuu wake aliyehamia mjini kwa masomo. Mwanzo aliufungua ili kijiji cha mtoto kisife. Baadaye kikawa chake. Mwishowe aliona napoteza muda.

"Mbona huniambii kitu? Kwenye simu ulikuwa unaniwakia moto."

"Naona aibu, mama."

"Shikamoo umeshaitoa, nimeipokea. Sasa bisha."

Nikabisha. Nilimweleza habari za barua, na wateja wangu, na YAH, na jinsi herufi kubwa inavyomwambia msomaji asimame kidogo, hapa pana jambo. Alinisikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi.

"Mimi herufi nilizoanza nazo ni za Kiarabu," akasema. "Hazina kubwa wala ndogo. Herufi zile zile zinazoandika nazi ndizo zinazoandika jina la Mwenyezi Mungu, na utukufu wake haujapungua. Nilipokuja kujifunza hizi za shule, niliona herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele mlangoni. Na wewe umeijaza wiki yetu makelele."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna watu wanaoandika dunia nzima bila herufi kubwa na mambo yanakwenda. Nilijaribu kumtega. "Sawa. Mchezoni kuna mto unaopita kijijini, tumeuita Mto Mkubwa. Na kwenye duka la mchezo huo huo kuna mto wa kulalia, mkubwa na mdogo. Utavitofautishaje?"

Akanywa chai.

"Hapo umenipata," akasema. "Mto Mkubwa ni mmoja. Hilo ni jina lake, kama mtu. Mpe herufi zake."

"Na mito ya kulalia?"

"Iko tele. Hiyo ilale na herufi ndogo."

Kwa hiyo nusu ya ugomvi ikaisha pale pale. Kilicho kimoja tu mchezoni, chenye jina lake, kinapewa herufi kubwa. Vilivyo vingi vinapewa moja tu mwanzoni mwa kichwa. Na zile "la" na "cha" na "wa" nilizokuwa nimezivika kofia, nilikubali kuzivua. Alinitazama nikizivua kwa huruma kabisa.

Tukabaki na kamba. Tulizunguka nayo muda mrefu. Mimi nilitaka wa kuliwa waitwe "kambamaji", akaniuliza kama nimewahi kumsikia mtu yeyote wa pwani akisema hivyo. Yeye alitaka ya kufungia iitwe "ugwe", nikamwambia watu wa Mwanza hawatatuelewa. Sauti zikapanda. "Kamba huyu ndiye anayetakiwa!" "Lakini kamba hii ndiyo ilianza kuandikwa!" Mume wangu alikuwa anaondoka na yule kaka kwenda kuangalia injini ya boti, akasimama mlangoni.

"Samahani," akasema. "Mbona mkizungumza mnaelewana?"

"Tunaelewana nini?" nikauliza.

"Mmoja anasema kamba huyu, mwingine anasema kamba hii. Mimi si mchezaji, lakini nimejua nani anataja nini."

Akaenda zake kwenye injini. Sisi tulitazamana. Yule mama akachukua simu, akaandika polepole huku akisoma kwa sauti: "Kamba wa mtoni. Kamba ya mkonge." Kisha nikaendeleza mimi: "Kaa wa matope. Kaa la moto." Ilikuwa raha kama kufungua kibwebwe baada ya ngoma. Vitu vilivyogombania jina moja kwa miezi vikaachana vyenyewe, kila kimoja na neno lake dogo la kuunganisha, na hatukuongeza hata neno la ajabu. Tukaagiza chai nyingine. Nikaandika kanuni zote kwenye simu, na juu nikaweka YAH: MAJINA YA KURASA, herufi kubwa tupu. Nilisubiri kelele.

"Hiyo moja nakuachia," akasema.

Tulipotoka, tulimkuta mume wangu amejipaka grisi kwenye shati lake la mahakamani, yeye na yule kaka wameinamia injini, wanaitana shemeji.

Wiki ilizipokea kanuni zetu kwa manung'uniko ya kawaida. Binti wa Morogoro akatupa sote wawili funguo za usimamizi. Tulisema pia kila kitu kiandikwe kwa umoja, si "majembe" bali "jembe", na tukajiona tumemaliza. Hazikupita siku saba, mchezaji mmoja wa Kigoma akatuandikia kwa uchungu. Kwa kufuata kanuni, mtu alikuwa amebadilisha ukurasa wake wa "Kuni" kuwa "Ukuni".

"Wahariri wapendwa," aliandika, "nani kati yenu amewahi kupika kwa ukuni mmoja?"

Nilimpigia simu mama wa Mbwera. Aliposikia, alicheka.

"Ana haki," akasema.

"Lakini tutakuwa tumevunja kanuni yetu wenyewe."

"Tumeitunga sisi, haikushuka mbinguni. Mrudishie mtu kuni zake."

Nikazirudisha. Na nywele, na nyasi, na kila kitu ambacho hakuna anayekitaja kikiwa peke yake. Yule wa Kigoma sasa ni mwenzetu, anatusaidia kila wiki, na bado anabishana.

Mwezi uliopita mama alikuwa na harusi Ikwiriri, akalala kwetu Kibiti njiani. Baada ya alasiri tulikaa barazani, simu mbili, tukaanza kupanga kialfabeti kurasa za herufi M. Mkeka, mkoko, mpunga, mvuvi, mtumbwi, mwiko, hazina mwisho. Tukajikuta karibu nusu ya kijiji inaanza na M. Mume wangu akatoka na sahani ya mihogo, akauliza tumefika wapi.

"Mb," akasema mama, akasogea ili naye apate pa kukaa.