Bima ya Desmond

Rhona Tippett ndiye aliyetunza uwanja wa nyasi wa klabu yetu hapa Narooma, mji mdogo wa pwani, ule ambao wazee huviringishia mipira yao kila Jumatano. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeishi peke yake. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa waya tu, kwa hiyo haya mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe.

Kabla ya Desmond alikuwa na Poppy, mbwa mdogo wa masikio ya kulala. Poppy aliumwa na kupe, na kupe wa pwani hii hana mchezo: sumu yake huanza na miguu ya nyuma, ikapanda mpaka kifuani, mnyama akashindwa kupumua. Kwenye kaunta ya kliniki Rhona alitajiwa gharama, kisha akaulizwa kama waendelee na matibabu au wamchome sindano ya mwisho. Hela hizo hakuwa nazo. Kilichomtesa miaka yote, aliniambia, si kifo chenyewe. Ni kusimama pale, watu wakisikia, na kulijibu lile swali.

Alikaa muda mrefu bila mbwa. Halafu akamchukua Desmond, mbwa wa mbio aliyestaafishwa, wa rangi ya majivu, miguu kama fito, mwoga wa ngazi na wa miavuli. Wiki ileile Rhona akaketi jikoni na simu yake, akaanza kuzisaka kampuni za bima.

Kaka yake Lindsay, fundi magari, alikuwa akipita kunywa chai.

"Mbwa wa mbio aliyeshindwa mbio," alisema, "na bado unamkatia bima. Akilazwa, tumpelekee maua?"

"Mpelekee tu. Wewe ukilazwa hakuna atakayekuletea."

Kule klabu kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisifia bima rahisi ya ajali peke yake, mwingine akaitetea ile inayotoa blanketi la bure. Rhona aliwasikiliza wote, kisha akazipigia kampuni moja baada ya nyingine akiwa na swali lake moja: siku mbwa wangu yuko mezani kwa daktari, nani analipa pale kaunta, nyinyi au mimi? Karibu wote walisema atangulie kulipa yeye, kisha atume madai, arudishiwe. Binti mmoja aliyepokea simu alimsisitizia sana kwamba pesa zingerudi upesi.

"Mwanangu," Rhona akamwambia, "sina za kutoa, kwa hiyo hakuna za kurudi."

Mwishowe akaipata kampuni moja ndogo ya kule Hobart, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Hao humlipa daktari moja kwa moja, mgonjwa akiwa bado kitandani, na mwenye mbwa hutoa sehemu yake ndogo tu. Hata sumu ya kupe ilikuwemo kwenye bima yao, mradi mbwa apewe dawa ya kinga kila mwezi. Ada yao ya kila mwezi ilizidi ya wengine kidogo. Rhona alikuwa ameshakubali moyoni walipomweleza kwamba ni lazima kliniki iwe imeunganishwa na mtambo wao wa malipo wa kompyuta. Yetu haikuwa.

Alimwendea Daktari Samaraweera, mwenye kliniki yetu. Ni mtu mwema, lakini yeye na kompyuta hawaelewani. Alikataa kwa upole.

"Bi Rhona, mimi natibu wanyama. Mtandao ukikwama, nitagombezwa mimi."

Rhona hakubishana naye. Asubuhi iliyofuata alikwenda ufukweni wanakokutana wenye mbwa, na kwa mara ya kwanza akaisimulia habari ya Poppy mbele za watu. Alifika mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani mwingine amewahi kuulizwa lile swali pale kaunta. Mikono ikainuka, mingine ya watu niliodhani hawana shida duniani.

Jumamosi mtaa wa kliniki ukajaa mbwa. Daktari alifungua mlango, rangi ikamtoka usoni. Alidhani mbwa wa mji mzima wamelishwa sumu.

"Hakuna mgonjwa, daktari," Rhona alisema. "Tumekuja kukuomba jambo moja tu."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, "Mnadhani mimi napenda kuuliza swali lile? Siku ya Poppy nilirudi nyumbani nikashindwa kula." Akaifuta miwani yake. "Nipe namba ya hao watu wa Hobart."

Kliniki ikaunganishwa, na Rhona akaikata bima yake. Mwezi wa kumi, pamoja na dawa zote, kupe mmoja alijificha nyuma ya sikio la Desmond. Rhona alimwona akiyumba miguu ya nyuma, na alipobweka, sauti haikuwa yake. Niliwapeleka kliniki mimi, kwa gari langu. Daktari alimpokea Desmond mlangoni akaingia naye ndani mbio. Rhona akasimama kaunta kwa mazoea, ameukumbatia mkoba.

"Kaa tu, Bi Rhona," mhudumu akamwambia. "Kampuni imeshajibu, inalipa. Yuko ndani anatibiwa."

Akakaa. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, na alilia huku anacheka.

Desmond alitoka kwa miguu yake mwenyewe, amenyolewa mabaka mabaka kama zulia lililoliwa na nondo. Lindsay alikuja kumtazama, akazungukazunguka, hatimaye akauliza kampuni ile inaitwaje, maana kule gereji ana paka. Rhona akamsukumia simu. "Piga mwenyewe. Na uulize vizuri."

Jumamosi iliyofuata klabu iliandaa nyama choma. Wengi mle ndani walikuwa wamekwisha kuwakatia mbwa wao bima ileile. Rhona alipoingia na Desmond, mzee mmoja akasimama, kisha mwingine, mpaka ukumbi mzima ukawa wima unapiga makofi, daktari akiwemo.

Rhona aliwaacha wapige kitambo, kichwa juu, mkono mgongoni mwa mbwa wake.

"Haya kaeni," akasema. "Soseji zinaungua."