Fimbo Niliyopewa Ofisini

Simu ilinikuta shambani, ndengu zimekauka kiasi kwamba ukichelewa siku mbili maganda yanapasuka yenyewe. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu. Alisema binti amekosa nidhamu, yuko nje ya darasa, na hatarudi ndani mpaka mzazi afike. Nikauliza amefanya nini.

"Mama, kuja tu. Hayo si maneno ya simu."

Kwetu huku Kyuso kila mzazi anajua maana ya kuitwa hivyo. Serikali iliwakataza walimu kuchapa watoto, na wengine wameitii sheria kwa ujanja wao: wanamwita mzazi, wanampa fimbo, mzazi anamchapa mtoto wake mbele yao, kisha mtoto anasamehewa. Nimeona majirani wakifanya hivyo na kushukuru. Wanashukuru, watu wazima na akili zao. Nikaacha ndengu, nikaosha miguu, nikaenda.

Binti yangu yuko gredi ya nane. Nilimkuta amesimama juani nje ya ofisi ya walimu, uso mkavu. Nilimwuliza kwa Kikamba kuna nini, akanieleza bila kulia. Mwalimu wa masomo ya jamii alikuwa amewafundisha kuhusu usawa, kwamba msichana na mvulana wana haki moja ya kusoma. Mwishoni akauliza kama kuna swali. Aliyepita shule zetu anajua kwamba swali hilo la mwalimu ni kama hodi ya mtu aliyekwisha kuingia ndani, hangoji jibu. Binti yangu akainua mkono. Akauliza kwa nini basi kila Ijumaa mchana wasichana wanatumwa mtoni kuchota maji ya nyumba za walimu, huku wavulana wakibaki darasani kufanya hesabu.

Hilo tu. Mto wetu ni wa mchanga. Kiangazi unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye chini, unayateka kwa kikombe mpaka mtungi ujae, na mchana wote unaishia hapo. Nilimtazama mtoto huyu nikaona fahari. Kisha nikaingiwa na hofu, kwa sababu shule nyingine iko mbali, na akifukuzwa hapa sina pa kumpeleka.

Tuliingia pamoja. Walimu walikuwa kwenye meza zao wakisahihisha vitabu. Mwalimu mkuu ni mzee wa heshima. Alinipa kiti, akauliza habari za mvua na mazao. Ndipo akaniambia binti yangu ana mdomo.

"Amekuwa kichwa ngumu, mama. Na unajua, samaki mkunje angali mbichi." Akafungua kabati, akatoa fimbo, akanipa. "Mpatie kidogo tu. Aone sisi na wewe tuko pamoja."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoni kwetu hakuna samaki, kuna mchanga tu. Lakini niliipokea ile fimbo. Ilikuwa imelainika mahali pa kushikia kwa mikono ya wazazi walionitangulia, na hilo lilinikasirisha kuliko maneno yake yote.

"Nitamchapa," nikasema. "Lakini kwanza mniambie aliuliza nini."

"Alimkosea mwalimu heshima."

"Aliuliza nini?"

"Si swali, mama. Ni vile aliuliza, mbele ya darasa yote."

"Sawa. Na vile aliuliza, aliuliza nini?"

Hakuna aliyetaka kulitamka. Ofisi nzima ya watu waliosomea kufundisha, na swali la mtoto limewakwama kooni. Mwishowe yule mwalimu wa masomo ya jamii, kijana bado, akalisema, macho yake mezani. Alilisema lote, bila kupunguza kitu.

"Na jibu lake?" nikauliza.

Mwalimu mmoja mwanamke, wa rika langu, akaweka kalamu chini. "Sisi wote tulichota hiyo maji, mama. Na bado tulisoma."

"Wewe ulisoma," nikamwambia. "Mimi nilichota na hesabu ikanipita. Dalali akija kununua ndengu anabonyeza hesabu kwenye simu yake, mimi naangalia tu."

Nikaiweka fimbo juu ya meza ya mwalimu mkuu. Nikamwambia siku watakapompa mtoto jibu la kweli, na bado ionekane anastahili kuchapwa, nitamchapa mwenyewe bila kuombwa. Mpaka siku hiyo mimi na yeye tutakaa pale nje kwenye ngazi, na kila mzazi atakayepita akiuliza tunangoja nini, nitamwambia. Kama huko ni kukosa adabu, basi mtoto karithi kwangu.

Hatukukaa sana kwenye ngazi. Mwalimu mkuu alitoka, akasema binti arudi darasani.

Ijumaa hiyo binti alirudi nyumbani, akatua mkoba. Nilimwuliza kuhusu maji. Akasema wasichana walipoambiwa wachukue mitungi, mwalimu wa zamu alimwambia yeye abaki na wavulana, kwa kuwa mama yake ana maneno mengi. Hila hiyo naijua. Wakubwa wakiulizwa swali la haki, humtuliza yule aliyeuliza peke yake, ili wenzake waanze kumwonea kijicho. Nikamwuliza kama alibaki.

"Nilikaa kidogo, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba. "Halafu nikasimama, nikauliza, na hawa wengine?"

"Mwalimu akasema nini?"

"Akasema Jumatatu nirudi na mzazi."

Nilikaribia kumwambia anyamaze sasa, amalize shule kwanza. Maneno yalifika mdomoni nikayameza, kwa sababu ndiyo niliyoambiwa mimi, nami nilinyamaza vizuri sana. Jumapili baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikawangoja mama za wale wasichana wengine, nikawaambia nimeitwa tena shuleni Jumatatu, nikawauliza swali la binti yangu. Mmoja alisema ana kazi. Mwingine aliniuliza kama natafuta kura. Waliobaki walitazamana, kisha wakauliza tutaondoka saa ngapi.

Jumatatu viti vya ofisi havikututosha.