Ombi la Kisima

Jirani yangu anachimba kisima. Leo ni siku ya tatu, na harufu ya udongo wa chini kabisa, ule wa kijivu usiowahi kuona jua, imechanganyika na moshi wa dizeli ikaingia hadi kwenye mito ya kitanda. Nimerudi asubuhi kutoka zamu ya zahanati, viatu mkononi, miguu imevimba, sitaki kingine ila usingizi. Badala yake nimekaa barazani nasikiliza mashine ikigonga. Mwenzenu nimechoka, lakini harufu hii haitaniacha nilale kabla sijawasimulia.

Nililelewa kituoni. Watu wa Kibamba walisema hivyo tu, "watoto wa kituoni", na kila mtu alielewa. Kilikuwa juu ya kilima, mbali kidogo na Barabara ya Morogoro: nyumba mbili za tofali zisizopigwa lipu, bwalo la mabati, na msalaba uliochorwa ukutani kwa rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango. Tulikuwa watoto thelathini na kitu. Mlezi wetu aliitwa Mama Aikande, mwalimu mstaafu kutoka Marangu, mwanamke mrefu aliyetembea polepole kama mtu anayesikiliza magoti yake.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Boza la maji lilipanda kilima likipenda, na msimu wa mvua halikupenda kabisa. Hapo tulishuka bondeni na madumu, tukapanda nayo kichwani huku shingo zikizama mabegani. Maji tuliyofulia sare ndiyo tuliyopigia deki, na tuliyopigia deki ndiyo tuliyomwaga chooni. Mpaka leo siwezi kumwona mtu ameacha bomba wazi nikanyamaza, na mume wangu ameshazizoea kelele zangu.

Sasa, sijui vituo vingine walifanyaje, lakini kwetu maombi yaligawiwa. Mwanzo wa kila muhula Mama Aikande aliandika mahitaji yote ya kituo kwenye vipande vya katoni ya sabuni, akamgawia kila mtoto kimoja. Ukishapewa, ni lako. Kila alfajiri kwenye ibada ulisimama, ukaliombea ombi lako kwa sauti, ukakaa. Hukuruhusiwa kuombea la mwenzako wala kubadilishana. Lilipojibiwa, katoni yako ilibandikwa ukutani bwaloni, na siku hiyo wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuchagua nyama, kama nyama ilikuwepo.

Kulikuwa na mtoto wa miaka sita akiitwa Baraka, ambaye alipewa choo cha wasichana. Aliliombea lile ombi kwa machozi miezi mitano mfululizo, akimfafanulia Mungu upana wa shimo na upande ambao mlango ufungukie. Choo kikajengwa. Baraka akawa anapita mbele yake amefunga mikono mgongoni, na msichana akichelewa kutoka humo alimgongea mlango amkumbushe usafi.

Mimi nilipewa kisima. Nilikuwa na miaka kumi, na sauti yangu ilifika hadi jikoni, nadhani ndiyo maana. Wenzangu walinionea wivu. Lilikuwa ombi kubwa kuliko yote, na wageni walipokuja niliitwa mbele niliombe tena, huku nao wakifuta macho. Lakini mimi sikulitaka. Nilikuwa na langu.

Nilimtaka Bibi. Mama yangu alipofariki, Bibi ndiye aliyenichukua, tukawa tunakaa chumba kimoja Mtoni, Temeke. Alikuwa mtu wa Masasi, anauza vitumbua alfajiri. Kisha mguu wake ukaanza kuvimba, ukawa haumruhusu kukaa jikoni wala kusimama. Mtu wa ustawi wa jamii akaja, wakazungumza, Bibi akanifungia nguo zangu kwenye kanga. Aliponiacha Kibamba alinishika kidevu akasema, "Mguu ukipona nakuja kukuchukua, mjukuu wangu. Mungu si Athumani." Miaka miwili ikapita. Kila gari lililopanda kilima nililikimbilia, nikarudi taratibu nikijifanya nilikuwa nafukuza kuku.

Siku moja nilijipa moyo nikamfuata Mama Aikande, nikamwomba anibadilishie, kisima ampe mwingine, mimi nimwombee Bibi anifuate. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kila mtoto hapa ana Bibi yake, mwanangu," alisema. "Tukianza hizo hatutamaliza. Omba maji."

Nilimchukia siku ile, nawaambia ukweli. Na kuanzia kesho yake nikaanza wizi. Alfajiri nilisimama nikapaza sauti, "Baba, tupe maji," na wote wakaitika amina, lakini moyoni nilikuwa nasema, mlete Bibi aje anitoe hapa. Mdomo ulikuwa wa kituo, moyo ulikuwa wangu. Mwanzoni niliyagawa nusu kwa nusu. Baadaye maji hayakupata hata robo.

Halafu wafadhili wakajitolea, na mashine ya kuchimba ikapanda kilima. Hamjawahi kuona shangwe kama ile. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, sisi tukapangwa mstari na vikombe vya plastiki ili tuonje maji ya kwanza mbele ya wageni. Mashine ilikuwa imeshagonga siku mbili. Tope la kijivu likafurika, likawa jembamba, na mwisho maji yakaruka juu, na watu wazima wakakumbatiana kama watoto.

Fundi alikinga kiganja, akaonja, akatema.

"Chumvi, mama," akasema. "Tena kali. Haya hata chai hayafai."

Mama Aikande aliomba kikombe. Akaonja. Akaonja tena, kana kwamba ulimi wake ndio ulikuwa umekosea. Kisha akawageukia wageni akawakaribisha chakula, na wali ule ukaliwa kimya kama wa msibani.

Wote walikuwa na huzuni, mimi nilikuwa na hofu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba dhambi ya mtu mmoja huweza kuwafungia mbingu watu wengi, na mimi nilimjua huyo mmoja. Nilikuwa nimeiba ombi la watoto thelathini na kitu, nikalitumia kwa bibi yangu. Kwa akili yangu ya miaka kumi hesabu haikuwa na utata: Mungu alisikia maji yanaombwa na mtu ambaye moyo wake uko Mtoni, akatoa maji ambayo hayajawa maji.

Wageni walipoondoka nilimkuta Mama Aikande nyuma ya jiko, ameketi kwenye kigoda, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la yale maji ya chumvi. Jua lilikuwa linazama. Nilimwamkia, ingawa tulikuwa pamoja tangu asubuhi.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mama, ni mie," nikasema, na kilio kikanitoka. "Mie ndiye niliyeyatia chumvi. Sikuwa naombea maji. Nilikuwa naomba Bibi aje anitoe hapa."

Nilingoja fimbo. Niliona uso wake ukifanya kitu ambacho sikukielewa, kama anataka kucheka na hana nguvu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ile ya maharage."

Vidole vyake vya miguu vilicheza ndani ya beseni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Basi tuko wawili." Akanituma nikamletee kitambaa cha kufutia miguu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ninyi ni watu wazima, huenda mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilidhani anamaanisha kwamba na yeye amekuwa akimwombea Bibi aje. Nililala kwa raha ambayo sikuwa nimeipata kwa miaka miwili. Kama mlezi wa kituo naye anamwombea Bibi yangu, Mungu atamkatalia nani?

Na kweli, siku nne baadaye Bibi alikuja. Bajaji ilipanda kilima ikilia, ikasimama, akashuka Mama Aikande kwanza, halafu akageuka kumshika mtu mkono. Nilimjua kwa kanga kabla sijamwona uso. Mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji, mkubwa kuliko nilivyouacha, na alikuja na ndoo ndogo ya vitumbua ambavyo sasa alipikiwa na jirani. Nilivisikia harufu ya iliki toka mbali. Sikumkimbilia. Nilikimbilia bwenini, nikafunga nguo zangu kwenye kanga ileile, nikampa msichana wa kitanda cha jirani kioo changu cha mkononi, kwa kuwa sikukihitaji tena. Ndipo nikatoka.

Bibi aliuangalia mzigo wangu. Aliuangalia muda mrefu.

"Kaa hapa, mjukuu wangu," akasema, akinipapasa kichwa. "Mguu umekataa. Nalazwa, natoka, nalazwa. Hata pale ninapolala ni kwa huruma ya watu. Nikikuchukua leo, kesho utakuwa unaniuguza mie badala ya kusoma."

"Nitakuuguza," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana sikuchukui."

Tulikula vitumbua. Sikumbuki kama vilikuwa vitamu. Nilimsindikiza hadi kwenye bajaji nikiwa nimebeba ndoo yake mkono mmoja na mzigo wangu mkono wa pili, maana mtoto hakati tamaa mpaka gari liondoke. Likaondoka. Nilirudi na mzigo wangu, na Mama Aikande alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipa neno la Biblia wala la kutia moyo. Aliuchukua ule mzigo, akaubeba yeye hadi bwenini, akasema, "Kesho usiamke kwa ibada. Lala."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mtu kuambiwa vile pale kituoni.

Ombi la kisima alikabidhiwa Baraka, ambaye alikuwa hana kazi tangu choo kiishe. Miezi michache baadaye walichimba upande wa pili wa kilima, yakatoka maji matamu, na kituo kizima kikamsifu yule mtoto hadi akawa hashikiki. Nilichota maji yale miaka minane, na sikuwahi kumaliza kumlaumu Mungu, ambaye kwa hesabu yangu alikuwa amemleta Bibi ili tu amrudishe. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama Aikande ndiye aliyenipeleka kumzika.

Jumapili iliyopita nilikwenda kituoni, walituita wote tuliolelewa pale kwa ibada ya shukrani. Siku hizi mambo ni mengine. Kuna matangi mawili marefu, bweni lina vigae, watoto wanakwenda shule kwa basi lao. Mlezi mpya, binti mchangamfu, alisoma orodha ya maombi yaliyojibiwa mwaka huu, na ilikuwa ndefu: vitanda, umeme wa jua, wasichana wawili wamepata vyuo, mtoto mmoja moyo wake umefanyiwa upasuaji na sasa anacheza mpira. Kila kimoja tulipiga makofi. Nilifurahi, sikatai. Ila nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo, na katikati ya makofi nikatoka nje kumtafuta Mama Aikande, ambaye magoti hayamruhusu tena kukaa ibada nzima.

Anaishi palepale, chumba kilicho nyuma ya bwalo. Nilimkuta kitini. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaanza kulalamika kama ninavyolalamika siku hizi: wagonjwa wengi, wauguzi wachache, nimechoka, kuna siku natamani nivue sare niiache mlangoni niondoke. Alinisikiliza. Kisha sijui nini kilinisukuma, nikamuuliza ni kitu gani alikuwa anakiombea yeye, mwaka ule wa maji ya chumvi.

Alicheka kidogo.

"Nilikuwa namwomba Mungu anitoe hapa," akasema. "Mwaka mzima. Nyie mlikuwa mnasema amina kwa mabati na magodoro, mie moyoni nasema Baba, tuma mtu anichukue, nirudi Marangu, nimechoka na hawa watoto. Halafu ukaja wewe unalia."

Niliiona tena ile bajaji, na kwa mara ya kwanza nikamwona aliyeshuka kwanza. Bibi hakujileta. Mguu ule usingemfikisha hata kituo cha basi. Kuna mtu aliyetoka Kibamba hadi Mtoni kwa magoti mabovu, wiki ileile kisima kilipomwaibisha mbele ya wageni wote, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akampata mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua.

"Mama," nikasema, "na kama Bibi angekubali kunichukua?"

"Ungeenda," akasema. "Nilikuwa nimeshakuandikia barua ya uhamisho wa shule. Nilikuwa nayo mfukoni."

"Na wewe?"

Aliniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto. Kutoka bwaloni walikuwa wanaanza kugawa chakula, na sauti za watoto zilijaa uwanjani.

"Mie ningeenda wapi," akasema, "na wengine walikuwa bado hawajaoga."