Pikapu Iliyonishinda Nilimuuzia Shemeji Yangu

(Jina la mwenye barua hii tumelificha kama alivyotuomba, na majina ya wengine tumeyabadili. Wasomaji, msomeni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu. – Mhariri)

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwenyeji wa Vihingo, Kisarawe. Nina mke na watoto wanne. Kazi yangu ni kununua mihogo, mananasi na mkaa kwa wakulima na kuvipeleka Dar es Salaam kwa pikapu. Huku kwetu watu wananisifu kwa gari langu. Hawajui nilivyolipata, na mimi usingizi umenihama.

Gari langu la kwanza nililinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Nililipenda kwa macho tu. Lilikuwa la kijani, linang'aa, viti vya ngozi. Sikuinama hata mara moja kutazama chini yake. Bwana Mhariri, gari lile lilinitesa miaka miwili. Asubuhi nalipiga hendeli ili liwake mpaka bega linavimba. Milima ya Pugu halipandi bila kuchemka, nasimama kwenda kuteka maji bondeni huku mananasi yakiiva na kuoza nyuma. Kipuri kikivunjika nangoja miezi kije kwa meli, maana magari ya aina ile hapa nchini yalikuwa ya kuhesabu.

Hayo nilivumilia. Kilichonishinda ni breki. Siku moja nateremka Pugu, mke wangu yuko pembeni na mimba ya miezi saba, nikakanyaga pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nikapampu, nikapampu, na mbele yetu ng'ombe wamejaa barabarani. Ilishika mara ya nne. Mke wangu alifungua mlango, akashuka, akamaliza mteremko kwa miguu. Nyumbani akaniambia, "Baba Zuhura, gari hili likiendelea kulala uani kwangu, mimi nakwenda kwa mama."

Ndipo nikamfuata fundi Yohana wa Kibaha, mtu wa kanisani, hamung'unyi maneno. Nikamwomba anisaidie kuchagua gari jingine nisije nikadanganyika tena. Tulizunguka siku tatu. Moja lilikuwa jipya kabisa machoni. Yohana akalala chini yake, akatoka anajifuta vumbi. "Chesesi, uti wa mgongo wa gari, imevunjika ikaungwa. Twende zetu."

La mwisho lilikuwa la padri mmoja, bodi imechubuka, rangi yake huwezi kuitaja. Hendeli mara moja, likawaka. Yohana akalipakia mawe, akalipandisha mlima, wakati wa kushuka akafunga breki katikati ya mteremko. Likasimama tuli.

"Chukua hili," akaniambia. "Kila duka la Dar lina vipuri vyake. Na lile lako usimuuzie mtu. Silinda ya breki imekwisha, na nyingine hupati. Livunje, uza vyuma."

Nikamwitikia. Lakini padri alikuwa anasafiri mwezi uleule, na bila kuuza lile la kijani nisingelipata la kwake. Jumapili akaja Selemani kutoka Janga, mume wa dada yangu Mwanaidi.

"Shemeji, nasikia unauza gari. Usimpe mtu wa nje, nipe mimi," akasema. Kisha akauliza, "Breki zake vipi? Kule kwetu kuna ule mteremko wa kwenda Ruvu."

Nikamjibu, "Breki nzima, shemeji."

Asubuhi aliyokuja kulichukua, niliamka mapema nikajaza mafuta ya breki mpaka juu ili pedali isimame. Akalijaribu uani, akacheka kwa furaha. Dada yangu akapanda pembeni yake, wakaondoka.

Wiki ya tano habari ikanifikia. Mteremko wa Ruvu, saa sita mchana, gari limemshinda Selemani, limepinduka, limeungua. Bibi Tausi, msuka mikeka ambaye Selemani alimpakia njiani, alifariki palepale. Selemani amekatwa mguu.

Watu wa Janga wanasema alikuwa anakimbiza gari. Polisi nao wameandika hivyo, kwa kuwa gari lenyewe limebaki majivu. Watoto wa Bibi Tausi hawamwitikii salamu. Dada yangu akifika kisimani, wanawake wanajitwika ndoo zao wanaondoka. Kesi itasikilizwa bomani Kisarawe baada ya miezi miwili.

Nilikwenda kumtazama Selemani kwake. Nilidhani atanilaumu. Selemani alinishika mkono akaanza kulia.

"Shemeji, nisamehe. Ulinipa gari zima, mimi nimeliua. Kila siku najiuliza nilikosea wapi. Nilikanyaga breki. Nadhani nilikanyaga. Au nilikanyaga klachi, hata sijui tena. Hakimu akiniuliza nitakubali kosa, yaishe."

Mwanaidi akaniletea chai. "Kaka, usilie," akaniambia. "Ni mipango ya Mungu." Chai ile niliiacha kikombeni.

Nilirudi nikamweleza mke wangu kila kitu. Akasema, "Ukisema, utafungwa, na hawa wanne sijui watakula nini. Usiposema, dada yako atafungiwa mumewe kwa kosa lako. Mimi usiniulize." Tangu siku hiyo chakula ananiwekea, lakini hakai nami.

Juzi Selemani amenitumia mtu. Hawezi kutembea, na siku ya kesi lazima afike bomani mapema. Ameomba nimpeleke mimi, maana amesema gari langu ndilo pekee analoliamini.

Nimekubali. Ndugu wasomaji, nitampakia mbele, nitakaa naye bega kwa bega mpaka bomani. Nimwambie nini njiani? Na hakimu akimwita yeye, nisimame mimi, au nikae na watoto wangu? Nishaurini, nawaomba, kabla siku hiyo haijafika.