Chungu cha Nkambo Ndani ya Majani Marefu

Jumamosi moja ya Februari, mwaka 1957, nilikuwa nimeketi juu ya magunia ya unga ndani ya lori la mfanyabiashara mmoja, nikimkinga baba yangu mvua kwa mwavuli. Tulikuwa tumeondoka mjini Élisabethville alfajiri ya jana yake. Wakati huo nilikuwa msichana, mwalimu msaidizi katika shule ya masista. Chuo kikuu nilisoma baadaye sana, na umri nilio nao sasa unakaribia ule aliokuwa nao baba siku ile.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la shaba, na kifua chake kilikuwa kimekwisha. Daktari wa kambi ya wafanyakazi, tulikoishi, alimpa likizo apumzike. Yeye alitaka safari moja tu. Mama yake, nkambo yangu ambaye sikumwona kamwe, alifariki kijijini huko kaskazini wakati baba amenyimwa ruhusa ya kwenda mazishini. Katika ukoo wetu, chungu cha marehemu hufudikizwa juu ya kaburi lake, na mtoto ambaye hakuwepo siku ya kuzika huja kukiinua na kumimina maji. Baba alikuwa hajakiinua. Baadaye serikali iliitenga nchi ile kwa ajili ya wanyama, watu wakahamishiwa kando ya barabara, na kaburi likabaki ndani ya hifadhi.

Mchana tulisimamishwa kwenye bariyeri ya mvua, lile gogo lililolazwa njiani ili malori yasiichimbue barabara ikiwa bado tope. Ilikuwa mpakani mwa hifadhi. Dereva alivuta kofia usoni akalala. Mlinzi akatujia, kabuti likimchuruzika maji.

“Batu ba mu muji! Munakuya kuangalia banyama mu mvua? Wazungu banakuya mu kiangazi, majani ikisha kuungua. Sasa mutaona masikio tu.”

Baba alicheka hadi akakohoa. “Hata masikio inatosha, ndugu. Lakini sikukuya juu ya banyama. Mama yangu analala mule.”

“Mule hakuna batu, muzee.”

“Na yeye haiko mutu tena. Hatakula majani yenu.”

Mlinzi hakucheka. Alitazama kilimani, ilipokuwa nyumba ya mkubwa wake. “Kuangalia, angalia. Juu ya barabara. Muguu mu majani, hapana. Miye niko na batoto.”

Akatuongoza hadi kwenye kona ya barabara ambako baba alisema kijiji kilikuwa. Majani yalimzidi mtu kimo, yameinama kwa uzito wa maji, na sikuona chochote kilichotofautisha upande mmoja na mwingine. Baba aliutafuta mchikichi alioupanda babu, lakini haukuwepo. Aligeuka huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mvua ilipopungua, tukawaona pundamilia. Walikuwa wamesimama mahali ambapo majani yalikuwa mafupi, migongo yao ikitoa mvuke.

“Beko pale kila siku,” mlinzi alisema. “Majani ya pale iko tamu, sijue juu ya nini.”

“Juu ya majivu yetu,” baba akajibu polepole. “Ni kiwanja ya mama. Pale kwenye ule mwenye mutoto ni jikoni. Yeye iko nyuma ya jiko.”

Palikuwa karibu, kama kutoka mlango wa nyumba yetu ya kambini hadi kwenye bomba. Baba alikuwa na chupa ya maji mkononi. Alimtazama mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa, bila ukali, kisha akayainamisha macho.

“Basi, mwezi wa saba,” baba alisema.

“Mwezi wa saba, muzee. Majani itakuwa imeungua. Nitaomba mukubwa. Ulete na sigara.”

Baba akavua kofia. Ndipo dereva, aliyefunguliwa bariyeri, akapiga honi, na pundamilia wote wakatimka. Tulirudi garini. Njia nzima alikohoa, lakini chupa hakuifungua.

Wiki chache baadaye nilimpa dereva yule yule ile chupa na barua, nikamwomba amsomee mlinzi:

“Baba mlinzi, nakusalimu. Muzee uliyemwonyesha pundamilia hatakuja mwezi wa saba. Tumemzika hapa mjini. Sikuombi uvunje sheria, maana wewe umeruhusiwa kutembea mule. Moto ukisha kupita juu ya majani, nenda pale wanyama wanaposimama, nyuma ya mahali pa jiko. Utakuta chungu kimefudikizwa. Kiinue, kisha umimine maji ya hii chupa. Ni yake, alikataa kuyanywa. Kama kwato zimekwisha kukivunja, mimina hapohapo. Sigara zako ziko kwa dereva.”