Tomi na Figo ya Nduku

Nilisafiri kwa sababu ya ujinga wangu, na afadhali niliseme mapema. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, na mwaka wa pili tangu dada yangu Nduku anipe figo yake moja nilijiona buheri wa afya. Nikajiambia, damu yetu ni moja, mwili utamkataaje dada? Nikaacha vidonge vya jioni vya kuzuia mwili usiikatae figo, kimyakimya. Baada ya wiki chache miguu ikavimba.

Jumapili jioni Nduku aliwasili Mwala kutoka Ekalakala, alikoolewa, ili anisindikize hospitali. Mbwa wetu Tomi akamrukia, nusura amng'ate.

"Aiya! Nimezaliwa hii boma na bado ananibwekea!"

Nilimfunga Tomi huku nikicheka.

Jumatatu alfajiri, mkokoteni wa punda ulitupeleka barabarani.

"Umekula dawa?" Nduku aliuliza.

"Ya asubuhi."

"Na ya jioni?"

Nikatazama masikio ya punda. Tulifika Machakos mjini, tukapanda basi la Nairobi.

Saa tano, Nairobi. Daktari alisoma majibu ya damu akakunja uso. Mwili wangu ulikuwa unaikataa figo.

"Kinga ya mwili haijui undugu," alisema. "Inaona mgeni tu."

"Kumbe ni kama mbwa wetu Tomi, humrukia hata dada mpaka nimfunge," nikasema.

"Basi dawa ndiyo kamba yake."

"Hatawahi kuzoea?"

"Kuna wachache miili yao huzoea. Hatujui ni nani. Usijijaribu mwenyewe."

Nduku alishika ubavu wenye kovu. "Mimi nimebaki na moja," alisema. "Siko na ingine ya kukuongezea." Niliona aibu hadi machozi yakanitoka.

Nililazwa. Siku tatu dawa ilidondoka mshipani. Ijumaa mkojo ulirudi kwa wingi, nikamshukuru Mungu kwa sauti nikiwa chooni, wodi nzima ikacheka. Daktari alisema tumeiwahi.

Jumapili jioni tulifika nyumbani Mwala. Tomi akamtolea Nduku meno vilevile, kana kwamba hajawahi kumwona. Nikamfunga mtini. Ndani, redio ilikuwa inaanza taarifa ya saa mbili, na Nduku alinipa kikombe cha maji.

"Huyo umefunga," alisema. "Sasa funga yule mwingine."

Nikameza kidonge. Tangu siku hiyo, kila saa mbili usiku nafunga mbwa wawili.