Bei za Marehemu

Mama alipofariki watu wengi walilia, lakini wauza vitunguu wa Dumila, naamini kabisa, walishusha pumzi. Mwanamke yule alijua bei kuliko wenye mali. Alijua kwamba pale Dumila bei inapanda basi likisimama, kwa sababu abiria hana muda wa kubishana. Basi yeye anakaa pembeni na kikapu chake, anangoja basi liondoke, ndipo anasogea. Mchele alikuwa akiufuata Ulaya, si ya wazungu bali kijiji cha wilaya yetu, siku ya gulio, na haulizi bei mpaka atie mkono ndani ya kisado apapase kitako, maana wapo wajanja wanaochoma kile kindoo moto kikabonyea kwa ndani, ukadhani umeuziwa rahisi kumbe umeuziwa hewa. Sukari, mafuta na sabuni ni Mikumi, duka la jumla.

Akirudi nyumbani kwetu Kilosa, hata hajakaa, anamtajia baba bei zote alizozipata. Baba, mstaafu wa reli, anasikiliza kimya kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Mwisho anasema, "Hapo umewaweza." Jamani, sijawahi kuwasikia wale wawili wakiambiana neno jingine la mapenzi. Hilo liliwatosha.

Baada ya arobaini nilifunga genge langu la Mikumi nikarudi nyumbani kumtunza baba. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupukutika. Siku ya kwanza nikampakulia wali na maharage, akauliza mchele nimenunua shilingi ngapi. Nikamwambia. Akaisukuma sahani, akasema mama yako asingenunua kwa bei hiyo. Nilikasirika, sitaki uongo. Nilimwambia mchele umepanda nchi nzima, si kosa langu. Hakula.

Ikawa hivyo kila siku. Suruali ikawa inamvuka, akaifunga kwa kamba. Nesi wa zahanati aliniambia wazi kwamba mzee asipokula hamalizi masika. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa, nikapika, na alipouliza bei nikamtajia ile ya mama, ya enzi zile. Baba akala akamaliza. Kisha akasema, "Hapo umewaweza."

Tangu siku hiyo nikawa nanunua kwa bei ya sokoni na kusimulia kwa bei ya marehemu. Baba akaanza kunenepa. Mimi ndiye niliyeanza kuona mambo. Nikifika gulioni mkono wangu unaingia kwenye kisado kabla sijauambia, unapapasa kitako. Siku moja muuza mchele mmoja, mama mtu mzima aliyemfahamu mama yangu, alikuwa akisifia mali yake, akauona mkono wangu akanyamaza ghafla. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwanangu, umenitisha." Akanipimia haraka haraka, akahudumia mwingine. Nikaogopa pia. Njiani nilijikuta nageuka nyuma, nikihisi kuna mtu anakuja taratibu na kikapu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mchana mmoja nimeshaweka chakula mezani, baba akauliza bei, nikamtajia. Hakunisifu. Aliweka kijiko chini, akatazama mlangoni kwa muda mrefu.

"Bei hiyo hapewi mtu mwingine," akasema. "Yuko wapi?"

Nikajifanya sijaelewa.

"Mama yako. Mwambie aingie, chakula kinapoa."

Akafunika sahani yake kwa kawa, akakaa kumngoja. Jioni alikuwa bado anangoja. Kesho yake nikapika tena, akafunika tena, akasema hawezi kula wakati mwenzake yuko juani na mizigo. Nilimbembeleza, nikagomba, nikalia. Wapi! Na niseme ukweli, nilikuwa nimekaa naye pale, na mimi nautazama mlango. Nilitamani aingie. Mungu anisamehe, nilitamani hata akija hivyo hivyo alivyozikwa.

Siku ya tatu midomo ya baba ilikuwa imekauka. Nikapika wali, nikauweka mbele yake, naye akaufunika kwa kawa. Nikakaa chini miguuni pake. Sikungoja aulize.

"Baba, mchele nimenunua mimi. Kilo elfu tatu."

Akanitazama usoni, akaitazama ile kawa.

"Elfu tatu?"

"Elfu tatu, baba. Sikupunguziwa hata mia."

Nje kuku walikuwa wakiparua. Kisha akasema polepole, "Basi kweli amekufa."

Nikamwambia ndiyo, baba, amekufa. Akafunua sahani akaanza kula, machozi yakimdondokea kwenye wali, na hakuacha mpaka alipoumaliza.